Barua Zisizotumwa: Sayyida Salme na Wasomaji wa Kibera na Kawangware

Katika maandishi ya wanawake wa mwambao wa Afrika Mashariki ya karne ya 19, yapo mawili ambayo kila moja lilielekezwa kwa mtu mmoja tu. La kwanza ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, mama akimuusia binti yake. La pili ni mkusanyo wa barua za Sayyida Salme binti Said wa Unguja, ajulikanaye Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alizomwandikia rafiki yake wa nyumbani. Utendi ulifika kwa mwenyewe, ukanakiliwa, ukaghaniwa, na leo hakuna mtaala wa ushairi usiouhusu. Barua hazikutumwa. Makala haya yanakusudia kuchunguza maana ya kutotumwa huko, na kuuliza kama maandishi hayo yanastahili nafasi katika masomo yetu ya fasihi.

Kwanza tumkumbuke mwandishi. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, babaye akiwa Sayyid Said bin Sultan na mamaye suria wa Kicherkesi. Alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 ujuzi huo ulitumiwa na kundi la nduguye Barghash lililotaka kumpindua Majid: binti wa miaka 15 akawa katibu wa njama. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa mwaka 1867. Mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini. Alihamahama katika miji ya Ujerumani, akaishi pia Jaffa na Beirut, akafia Jena mwaka 1924.

Kitabu kilichompa sifa ni Kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886. Hapo Salme anawaeleza Wajerumani habari za Unguja: mavazi, harusi, Ramadhani, watumwa. Sauti yake ni ya mfasiri anayejua kwamba anatazamwa. Katika barua mtazamo unageuka. Sasa ni Hamburg inayoelezwa kwa mtu wa Unguja: baridi yake, vyakula vyake, wageni wanaokuja kumkodolea macho. Kilichokuwa cha kawaida kwa Mzungu kinakuwa kioja. Hata hivyo barua hizi hazikutolewa alipokuwa hai. Zilihifadhiwa Leiden, Uholanzi, na tafsiri ya Kiingereza ya E. van Donzel ilitoka mwaka 1993. Mimi mwenyewe nilizisoma kwanza ng'ambo, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili, na nilizisoma kwa lugha hiyo ya pili.

Hapa ndipo penye kitendawili cha fani. Barua zimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo rafiki wa Unguja haielekei kuwa aliijua. Basi msomaji aliyetajwa si msomaji aliyetarajiwa. Wako wanaosema rafiki huyo ni wa kubuni tu. Maoni yangu ni kwamba swali la kuwapo au kutokuwapo kwake si zito sana. Barua ya kawaida katika utamaduni wetu ina kaida zake: salamu nyingi, kisha habari kwamba sisi huku hatujambo. Kaida hiyo ni adabu, lakini pia ni pazia. Barua za Salme huanzia pale pazia linapoishia. Kwa kuwa hazitumwi, hazina haja ya kumtuliza mtu. Kwa hiyo, ingawa zina umbo la barua, kazi yake ni ya shajara.

Dai hili nililijaribu nje ya chuo. Kwa Jumamosi kadhaa nilisoma sehemu za barua, kwa Kiswahili changu mwenyewe, pamoja na akina mama wachache wa Kibera na Kawangware. Wengi wao ni "mama fua" na wayaya wanaokwenda kwa miguu hadi Kilimani au Lavington kutafuta kazi. Habari za mjane anayehesabu fedha katika mji asioujua hazikuhitaji ufafanuzi. Mmoja alisema kwamba yeye pia huwapigia simu watu wa nyumbani na kuwaambia yu salama, kisha mengine huyaandika katika daftari la mtoto lililobaki kurasa. Nilifurahi, nikidhani hoja yangu imethibitishwa. Ndipo mwenzake, aliyekuwa kimya, akauliza, "Mwalimu, na kule kwao, nguo zake zilikuwa zikifuliwa na nani?"

Swali hilo ni uhakiki kamili, na nakiri kwamba nilikuwa nimelikwepa. Nguo zilifuliwa na watumwa. Katika Kumbukumbu Salme anautetea utumwa wa Waarabu, na anawasema Waafrika kwa dharau ambayo hakuna machozi ya Hamburg yanayoweza kuisafisha. Mhakiki anayemsoma kama mwanamke aliyeonewa tu anasoma nusu ya kitabu. Na anayemtupa kama binti wa tabaka la mabwana anatupa ushahidi adimu: mtu wa tabaka hilo akijikuta, kwa mara ya kwanza, akifanya kazi za nyumbani kwa mikono yake na akitegemea hisani ya wengine, lakini bado asifikie kuwaona waliomfanyia yeye kazi hizo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Mosi, barua hizi zitafsiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kijerumani, wala si kupitia Kiingereza kama nilivyolazimika mimi. Pili, zifundishwe sambamba na Utendi wa Mwana Kupona, ambaye mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alipigana na majeshi ya baba yake Salme. Wanawake hao wawili waliishi pande mbili za vita vimoja. Mmoja aliandika kwa lugha ya binti yake, mwingine kwa lugha ya ugeni wake. Tafsiri hiyo itakapopatikana, nitairudisha Kawangware kwanza, kwa yule aliyeuliza habari za nguo.