Majani Mawili na Chipukizi

Ukipita na gari kandokando ya mashamba ya chai utadhani wachumaji wana haraka. Simama. Mtazame mama mmoja tu katika shamba dogo la Mogogosiek, Bomet, umande ukiwa bado haujakauka. Kidole gumba na cha shahada hushika shina chini ya jani la pili, kikonyo kikavunjika bila kuguswa na kucha. Majani hayakawii kiganjani yakapata joto. Hurushwa kikapuni mgongoni, na humo hayashindiliwi, maana jani lililopondeka huanza kugeuka rangi kabla ya kufika kiwandani. Jani la tatu limekwisha kuwa gumu. Hulipita bila kulitazama.

Mkono huo nauheshimu kwa jambo jingine pia. Katekini, kemikali zinazoipa chai mbichi ukakasi, hujaa zaidi katika chipukizi na majani machanga. Mojawapo, epigalokatekini galati, imeonekana maabarani ikivuruga mawasiliano ya bakteria. Bakteria nao hupashana habari: kila mmoja hutoa molekuli ndogo, na zikijaa vya kutosha wote hutambua kwamba wametimia, kama baraza linalongoja wazee wafike ndipo liamue. Hapo hujenga utando na kumwaga sumu kwa pamoja. Ndivyo anavyofanya Pseudomonas aeruginosa, msumbufu mkubwa wa vidonda vya moto. Katekini za chai zinaweza kumvurugia baraza hilo hata bila kumuua. Hayo ni ya maabara, si ya kikombe. Ukiandikiwa dawa, imalize.

Kiwandani, jani likishasagwa na kupigwa hewa, sehemu kubwa ya katekini hugeuka theaflavini na nyinginezo zinazoipa chai yetu wekundu wake. Anayetaka katekini zibaki hulipasha moto mapema, ikawa chai ya kijani. Kericho ndiko watafiti walikotoa, mwaka 2011, mchai wa majani ya zambarau, aina iitwayo TRFK 306. Chai yake nayo huanzia kwenye chipukizi.

Mashine za kuchumia, tofauti na mkono, hukata kwa kimo; jani gumu na laini huingia pamoja. Mwaka 2023 baadhi ya mashine hizo ziliteketezwa Kericho. Moto ule siusifu, ila uchungu wa wachumaji ulioko nyuma yake nauelewa.

Mchumaji hulipwa kwa kilo. Naomba alipwe pia kwa kuchagua.