Ule Mwanga wa Buluu Haukuwa wa Silikoni

Kosa lilifanyika pale walipoandika neno silikoni kwenye lebo. Nalisema mapema, kwa sababu kila ninaposoma makala mpya ya nanochembe zinazong'aa za kupigia picha seli, nakuta mapishi yale yale yamenakiliwa.

Tunaifahamu sote makala ya 2013 ya kikundi cha Chuo Kikuu cha Soochow, Suzhou, katika jarida la Jumuiya ya Kemia ya Marekani. Chukua silani yenye amini, tia saitreti ya sodiamu na maji, pasha kwa maikrowevu. Baada ya dakika 10 unapata takriban gramu 0.1 ya chembe za nanomita 2.2, zenye ufanisi wa mng'ao wa asilimia 20 hadi 25. Zinatawanyika majini bila kusaidiwa na hazififii upesi chini ya hadubini. Hapo sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni jina. Katika ile silani, kila atomu ya silikoni imeshikwa na oksijeni tatu na kaboni moja. Ili upate fuwele ya silikoni ni lazima uing'oe oksijeni yote, na kila anayejua kemia ya mchanga anajua ugumu wa kazi hiyo. Viwandani hufanywa ndani ya tanuru la umeme, kaboni ikipokonya oksijeni kwenye joto linalokaribia nyuzi 2000. Saitreti ndani ya maji, chini ya nyuzi 200, itapata wapi ubavu huo? Na hata kama fuwele ingezaliwa mle, maji ya moto yenye amini ni besi, na besi huila silikoni. Swali hilo lilitakiwa kuulizwa siku ya kwanza, kabla chembe hazijakaribia seli yoyote.

Badala yake tukaletewa picha za hadubini ya elektroni. Tuseme umeona mistari ya fuwele kwenye chembe kadhaa. Je, ndizo zinazotoa mwanga, au mwanga unatoka kwenye kitu kingine kilichomo kwenye maji hayo hayo? Picha haina jibu. Nimeshasema katika safu hii na narudia: chupa inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno haithibitishi kilichomo ndani yake.

Kipimo chenye jibu kinajulikana, nacho ni muda wa mng'ao. Fuwele ya silikoni hutoa mwanga polepole kutokana na maumbile yake, kwa makumi ya mikrosekunde baada ya leza kuzimwa, na rangi yake ya kawaida ni nyekundu kuelekea infraredi. Ukipata buluu inayokufa ndani ya nanosekunde chache, unapaswa kushtuka. Mwaka ule ule wa 2013, maabara ya Veinot huko Alberta ilichukua fuwele halisi zinazong'aa nyekundu, ikazikutanisha na vitendanishi vyenye naitrojeni, zikageuka buluu. Onyo lilikuwa mezani. Mwaka 2019 Oliinyk na wenzake waliuliza katika Chemistry of Materials kama mapishi haya ya chungu kimoja yanazaa silikoni kweli. Hayazai. Saitreti ikipikwa na amini hutengeneza vitu vya kaboni vinavyong'aa vyenyewe, na mapishi hayo yanatumika hadi leo kutengeneza nukta za kaboni.

Linganisha na Leigh Canham, Malvern, Uingereza, 1990. Alitoboa kaki ya silikoni kwa umeme na asidi ya haidrofloriki, kisha akaiacha ndani ya asidi saa kadhaa ili nguzo zilizobaki ziendelee kukonda. Kadiri zilivyokonda, mwanga ulihama kutoka infraredi hadi mwekundu unaoonekana kwa macho. Aliufunga mwanga kwenye ukubwa wa kitu chenyewe, kwa vifaa vya kawaida kabisa. Hivyo ndivyo uchambuzi unavyofanywa, na sijaona kilichoupita.

Jina linaniuma kwa sababu limebeba dhamana isiyo yake. Mwaka 2009 kikundi cha Sailor, San Diego, kilionyesha chembe za silikoni zenye vinyweleo, zilizofunikwa dekstrani, ziking'aa ndani ya uvimbe wa panya, kisha zikavunjika na kutoka kwa njia ya figo. Tangu hapo kila mwenye chupa ya buluu ananukuu usalama huo, anazikemea nukta za kadimi kwa sumu yake, na kusonga mbele. Lakini usalama ule ulipimwa kwenye kitu kingine. Faida za upigaji picha nazo hazimo: buluu humezwa na damu, na nanosekunde chache ni muda ule ule wa mng'ao wa asili wa tishu. Mbinu ya kusubiri tishu izime ndipo upige picha, iliyofanywa na kikundi hicho hicho mwaka 2013, haiwezekani hapa.

Wahariri wa majarida, msipokee tena neno silikoni bila muda wa mng'ao, bila kilele cha Raman cha 520 kwa sentimita, na bila kipimo cha fotoelektroni za eksirei chenye alama karibu na elektronivolti 99 badala ya 103 ya oksaidi peke yake. Nawe mwanafunzi uliyekabidhiwa chupa ya namna hiyo, ipime kabla hujamdunga panya kilichomo. Ukikuta nanosekunde, bandua lebo.