Shetani, Pepo na Mgonjwa: Dhana ya Uovu katika Mashetani ya Ebrahim Hussein

Tamthilia ya Mashetani (1971) imezoeleka kuhakikiwa kama istiara ya kisiasa: Shetani ni ukoloni na ukoloni mamboleo, Binadamu ni Mwafrika aliyepata uhuru wa bendera. Usomaji huo una mashiko, lakini unaufanya ugonjwa wa Kitaru kuwa chombo tu cha kubebea maana nyingine. Sehemu hii inajenga hoja kwamba ugonjwa huo ndio kiini cha fikra ya Hussein kuhusu uovu.

Hoja inaanzia kwenye neno lenyewe. Katika pwani ya Mrima, kuanzia Dar es Salaam hadi Bagamoyo na kuendelea, neno "shetani" lina maana mbili. Katika dini, ni Ibilisi, chanzo cha uovu. Katika uganga, ni pepo anayempanda mtu kichwani. Aliyepandwa huitwa kiti. Hupungwa kwa ngoma, pepo huulizwa anachotaka, na mgonjwa halaumiwi. Anayelaumiwa ni mchawi, naye hudhuru kwa kukusudia, akiwa na akili zake timamu. Msamiati huo, basi, unatenganisha kuugua na kuwa mwovu.

Hussein anautumia utata huo. Katika mchezo ndani ya mchezo, penye mbuyu, mti ambao pwani unaaminiwa kuwa maskani ya mashetani, Juma anaigiza Shetani na Kitaru anaigiza Binadamu. Anayeugua baadaye ni Kitaru. Wazazi wake, watu wa tabaka jipya lililonufaika na uhuru, wanamwita daktari. Wanataka mtoto apone, alichokiona hakiwashughulishi. Kinachomtia Kitaru maradhini ni kutambua kwamba dhuluma haikuondoka bali imebadili wenyewe, na kwamba nyumba yao imo miongoni mwa wenyewe hao. Wanaofaidi dhuluma ni wazima.

Inaweza kupingwa kwamba usomaji huu unautukuza wazimu. La, mateso ya Kitaru ni mateso, wala hayamletei ushindi. Aidha, Juma si mwovu kwa hulka: ni mtoto wa ukoo uliopoteza mali katika Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Ushetani wake ni nafasi anayopewa mchezoni. Kwa mujibu wa tamthilia hii, uovu ni nafasi ambayo mtu huishika na kunufaika nayo, si maradhi.

Tofauti hiyo ina uzito nje ya jukwaa. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamwondolea hatia mtu ambaye maradhi ya akili yamemnyima uwezo wa kuelewa atendalo. Mazungumzo ya kila siku huichanganya: katili huitwa mwendawazimu, na mgonjwa huogopwa kama mwovu. Kauli ya kwanza inamwondolea katili kusudi lake. Ya pili inamwadhibu asiye na kosa. Mhakiki anayempita Kitaru haraka ili aufikie ukoloni hurudia kosa la wazazi wake: anamwona mgonjwa, hasikilizi anachosema.