Kinyago cha Shuzenji

Katika rasi ya Izu, nchini Japani, kuna mji mdogo uitwao Shuzenji, wenye sifa kwa maji moto yatokayo ardhini. Wageni hufika kuoga, kisha hupanda ngazi za hekalu la Wabudha. Mapokeo husema mtawa Kukai alilianzisha mwaka 807. Kati ya hazina zake kuna kinyago cha mti, cha kale sana. Chatajwa pamoja na jina la Yoriie, shogun wa pili wa ukoo wa Minamoto, aliyefungiwa hapo na kuuawa mwaka 1204. Kinyago hicho ndicho kilichomvuta Okamoto Kido atunge mchezo wake «Shuzenji Monogatari», ulioonyeshwa Tokyo mwaka 1911.

Fundi Yashao ameagizwa kuchonga uso wa Yoriie. Kila anapochonga, uso watoka kama wa maiti. Anaona haya kuutoa. Yoriie anakasirika, naye Katsura, binti wa fundi mwenye kiu ya ukubwa, anakitoa kinyago na kumfuata bwana huyo. Usiku wauaji wanakuja. Katsura anavaa kinyago ili wamdhanie ni yeye, lakini Yoriie anauawa vilevile, na binti anarudi kwa baba yake akivuja damu.

Hapo Yashao anafurahi! Kumbe mkono wake haukukosea. Kifo kilionekana katika mti kabla ya siku yake. Anamwambia binti avumilie maumivu, anashika kalamu, anachora uso wa mtoto wake anayekata roho.

Wako wanaomsifu fundi huyu kwamba ameipenda kazi yake kupita yote. Mimi sikubali, wala sidhani mchezo watulazimisha kukubali. Nguvu yake ni kwamba Okamoto hamwadhibu Yashao, wala hamtetei, anatuacha tumtazame. Ndugu waseminari, msiharakishe kumweka kando kama mpagani katili: naye padri aweza kukaa karibu na mgonjwa huku moyoni anatunga mahubiri mazuri juu ya kifo chake.

Tena mahali penyewe pana hadithi nyingine. Mbele ya hekalu, mtoni, kuna chemchemi iitwayo Tokko-no-yu. Husimuliwa kwamba Kukai alimwona kijana akimwosha baba yake mgonjwa katika maji ya baridi, akamhurumia, akapiga mwamba, maji moto yakatoka. Kutoka mwamba huo hadi kwenye kinyago ni mwendo wa dakika chache tu.