Jibuti: Mlango Usio na Shamba

Katika mijadala ya wanachama, hasa tunapozungumza juu ya bandari, mipaka na njia za mizigo, nchi ya Jibuti imekuwa ikitajwa mara kwa mara. Wanaoitaja wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema: tazameni nchi ile, ni jangwa tupu, haina mto wala shamba, lakini imejipatia fedha kwa kukodisha mahali ilipo, basi na sisi tulio mpakani tukae mlangoni tutoze ushuru, jembe halina maana tena. Kundi la pili linasema: Jibuti si nchi, ni kambi ya mabeberu yenye bendera, na hakuna la kujifunza kwake. Fikra zote mbili zimepotoka. Makala hii inakusudia kuzikosoa, kwa sababu kosa la fikra likiachwa hugeuka kuwa kosa la mipango, na anayelipa gharama ya mipango mibovu ni mkulima.

Hali halisi ya nchi

Uchambuzi wowote hauna budi kuanza na hali halisi. Jibuti ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 23,200 na watu takriban milioni moja. Mvua yake katika sehemu nyingi haifiki milimita 200 kwa mwaka. Sisi wa Makwale na Kyela yote, ambao hupata zaidi ya milimita 2,000, tunaweza kupata mvua hiyo yote katika mwezi mmoja wa masika. Ziwa lao la Assal liko mita 155 chini ya usawa wa bahari, nalo ni la chumvi. Sehemu kubwa ya wananchi huishi katika jiji moja. Miongoni mwa waliobaki wako wafugaji wa Kiafar na Kisomali wanaohamahama na mifugo yao.

Utajiri wa nchi hiyo ni mahali ilipo. Imekaa penye mlango-bahari wa Bab el-Mandeb, ambamo hupita meli ziendazo Mfereji wa Suez na zitokazo huko. Nyuma yake iko Ethiopia, nchi yenye watu zaidi ya milioni 120 isiyo na pwani tangu Eritrea ilipojipatia uhuru mwaka 1993. Zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya nje ya Ethiopia imekuwa ikipita Jibuti.

Mlango uliojengwa na wakoloni

Mlango huo haukujengwa kwa manufaa ya wenyeji. Wafaransa walijipatia Obock kwa mkataba wa mwaka 1862, miaka saba kabla Mfereji wa Suez haujafunguliwa, kwa sababu walitaka mahali pa kujazia makaa ya mawe meli zao ziendazo Mashariki. Reli ya kwenda Addis Ababa ilijengwa kati ya 1897 na 1917 ili kuvuta mali ya bara hadi melini. Uchumi mzima ulisimama juu ya vitu viwili: bandari na jeshi.

Watu wa nchi hiyo hawakukaa kimya. Mwaka 1958 Mahmoud Harbi aliongoza kampeni ya kuikataa katiba ya Ufaransa. Agosti 1966 Jenerali de Gaulle alipofika mjini alipokewa na maandamano ya kudai uhuru. Jibu la wakoloni lilikuwa kuuzungushia mji uzio wa nyaya za miiba na kufanya kura ya maoni ya mwaka 1967 iliyowagonganisha Waafar na Waisa, kisha wakaipa nchi jina la makabila hayo mawili. Hii ndiyo mbinu ya wagawe uwatawale katika sura yake iliyo wazi kabisa. Uhuru ulipatikana tarehe 27 Juni 1977, na Hassan Gouled Aptidon akawa Rais wa kwanza. Jeshi la Ufaransa lilibaki.

Kosa la wanaosifu

Wenzetu wa kundi la kwanza huhesabu kambi na kusahau kuhesabu watu. Ni kweli kwamba baada ya Wafaransa walifuata Wamarekani katika kambi ya Lemonnier, Wajapani mwaka 2011, Waitaliano, na mwaka 2017 Wachina. Ni kweli pia kwamba mkataba wa Marekani wa mwaka 2014 ulikuwa wa takriban dola milioni 63 kwa mwaka. Fedha hizo husikika kuwa nyingi. Lakini tuzigawe kwa watu milioni moja: kila mmoja anapata dola 63 kwa mwaka, yaani senti 17 kwa siku. Hata tukichukulia kwamba kambi nyingine zote kwa pamoja zinalipa mara mbili ya hiyo, jumla yake haizidi senti 52 kwa siku kwa mtu. Hakuna mwananchi anayeweza kujenga maisha kwa fungu hilo, hata kama lingegawiwa sawasawa. Wala haligawiwi. Kodi ya pango huingia katika mkono mmoja, mkono wa Serikali, na anayeushika mkono huo hahitaji jasho la mkulima wala la mfanyakazi ili kuendesha nchi. Akikosa kuwahitaji katika uzalishaji, ni rahisi kuwasahau katika maamuzi.

Matokeo yake yalionekana mapema. Mwaka 1981 chama cha RPP kikawa chama pekee kwa sheria. Mwaka 1991 Waafar wa kaskazini, waliojiona wametengwa na keki iliyoko mjini, walishika silaha kwa jina la FRUD, na mkataba wa mwisho wa amani haukutiwa saini hadi mwaka 2001. Vita ile haikuletwa na chuki ya asili ya makabila. Msingi wake ulikuwa swali la nani anashika ufunguo wa mlango.

Bandari nayo haitoi kazi kwa kadiri mizigo inavyoongezeka. Enzi za magunia, meli moja ilihitaji makuli mamia. Enzi za makontena, winchi moja na dereva wake hufanya kazi yao wote. Mzigo unaweza kuongezeka mara kumi na mtaa wa makuli ukabaki na njaa ile ile.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Nchi isiyozalisha chakula chake haina kauli ya mwisho juu ya mambo yake. Umeme mwingi wa Jibuti umekuwa ukitoka Ethiopia kwa waya uliounganishwa mwaka 2011. Mwaka 2017 lilifunguliwa bomba la kilomita 102 linaloleta maji kutoka Hadagalla, ndani ya Ethiopia, kwa mkopo wa China. Reli mpya ya umeme iliyofunguliwa 2016 na 2017 ilijengwa na makampuni ya China, pia kwa mkopo wa China. Maji, umeme, chakula na mtaji vyote vinatoka nje. Kinachotoka ndani ni mahali tu.

Tulinganishe na historia yetu. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Nchi yetu ilikuwa maskini sana wakati huo, lakini iliweza kusema hapana kwa sababu wananchi wake walikuwa wakila kutoka mashambani mwao. Azimio la Arusha mwaka 1967 lilipotaja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora kuwa mahitaji ya maendeleo, halikuitaja kodi ya pango.

Kosa la wanaodharau

Hata hivyo, wanaoiita Jibuti kibaraka wanakosea pia, na kosa lao ni la kiburi. Nchi hiyo ilipopata uhuru Juni 1977, Somalia ilikuwa ikiidai. Moja ya pembe tano za nyota katika bendera ya Somalia ilikuwa ni yake. Ethiopia nayo iliiona kuwa koo lake. Mwezi mmoja baadaye majirani hao wawili waliingia katika vita vya Ogaden na reli ikakatwa. Taifa changa lenye umri wa siku chache lilipona katikati ya majeshi mawili makubwa bila kumezwa. Jambo hilo halifanywi na watu wasio na akili ya siasa.

Mwaka 2000, wakati mataifa makubwa yamechoka na Somalia, mkutano wa amani wa Wasomali ulifanyika Arta, nchini Jibuti. Makao makuu ya IGAD yako huko. Februari 2025 Mahmoud Ali Youssouf wa Jibuti alichaguliwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, akamshinda Raila Odinga wa Kenya. Kuwakaribisha mabeberu wanaopingana katika uwanja mmoja nako kuna hesabu ndani yake: mpangaji mmoja hujifanya mwenye nyumba, wapangaji watano huchungana. Tunaweza kuikataa hesabu hiyo kwa misingi, kwa kuwa inaifanya ardhi ya Afrika kuwa uwanja wa ugomvi wa wengine, lakini tusiseme haipo.

Mfano wa Doraleh unafaa kuchunguzwa na kila kada. Mwaka 2006 Jibuti iliipa kampuni ya DP World ya Dubai haki ya kujenga na kuendesha kituo cha makontena kwa miaka 30. Februari 2018 Serikali iliuvunja mkataba huo na kukitwaa kituo, ikisema masharti yake yanabana mamlaka ya nchi. Mahakama ya usuluhishi ya London iliamua mara kadhaa kwa upande wa kampuni. Anayeshangilia kutwaliwa tu hajaona deni. Anayelaani tu hajauona mkataba. Funzo ni kwamba mamlaka ya nchi hulindwa kabla ya saini. Baada ya saini hununuliwa upya kwa bei kubwa. Funzo hilo si la mbali. Mwaka 2023 makubaliano ya Serikali yetu na Dubai juu ya bandari yalijadiliwa nchi nzima, shauri likafika Mahakama Kuu hapa Mbeya na kutupwa mwezi Agosti, na mwezi Oktoba mkataba wa DP World kuendesha gati namba 4 hadi 7 za Dar es Salaam kwa miaka 30 ukatiwa saini. Wajibu wa wanachama sasa ni kuufuatilia utekelezaji wake kipengele kwa kipengele.

Mzigo wa jirani ni mgeni

Kiini cha hoja ni hiki. Jibuti ilipata mzigo mkubwa wa Ethiopia mwaka 1998 kwa sababu Ethiopia na Eritrea zilipigana na njia ya Assab ikafungwa. Majirani hao walipopatana mwaka 2018, Jibuti iliingiwa na hofu. Tarehe 1 Januari 2024 Ethiopia ilipotia saini hati ya makubaliano na Somaliland juu ya kupata njia ya baharini, hofu ikazidi. Neema iliyoletwa na vita vya wengine huweza kuondolewa na amani ya wengine.

Sisi wa Kyela tumeyaona hayo. Katika miaka ya 1980, vita vya Msumbiji vilikata reli za Malawi za kwenda Beira na Nacala, na mizigo ya Malawi ikalazimika kutafuta njia ya Dar es Salaam kupitia Mbeya, reli ya TAZARA na barabara ya Karonga. Kasumulu na daraja la Songwe vikachangamka. Amani ilipofika Msumbiji mwaka 1992, Malawi ikawa na hiari tena ya kuchagua njia. Mkulima wa mpunga wa Makwale hakuondoka na malori hayo. Shamba lake lilibaki.

Nini kifanyike

Hatusemi tuufunge mlango. Bandari za Itungi na Kiwira, meli za Ziwa Nyasa na kituo cha Kasumulu ni mali ya umma na lazima viimarishwe. Tunachosema ni kwamba mlango uwe wa kutolea mali yetu kwanza.

Kwanza, kakao ya Kyela iache kuondoka hapa ikiwa mbegu kavu. Kila gunia linalopita bila kusindikwa ni kazi ya kijana wetu inayosafirishwa bure. Vyama vya ushirika vinavyokusanya kakao ndivyo vianze kudai kiwanda, na Chama kisimame nyuma yao.

Pili, ardhi ya mpunga na michikichi isimegwe kwa ajili ya maghala na maegesho ya malori bila mkutano mkuu wa kijiji kuamua. Ardhi ikishakuwa pango hairudi kuwa shamba.

Tatu, Malawi isitazamwe kama mteja wa kutozwa. Watu wa pande mbili za Songwe wana lugha, ndoa na masoko ya pamoja. Jibuti na Ethiopia zimefungwa pamoja kwa maji, umeme na reli, lakini kila moja inaogopa nyingine, kwa sababu uhusiano wao umejengwa juu ya ada. Nchi zisizo na pwani na nchi zenye pwani zitaacha kuogopana pale zitakapopanga uzalishaji pamoja, na huo ndio umoja wa Afrika kwa vitendo.

Jibuti ilinyimwa mvua na ardhi, ikafanya lililowezekana kwa kile ilichokuwa nacho. Sisi hatukunyimwa. Tukiliacha jembe tukakimbilia mlangoni, hatutaweza kusingizia jangwa.