Mwendo wa Siku ya Kwanza

Siku ya kwanza ya safari ya mlimani huharibiwa na wenye nguvu. Wanaondoka asubuhi miguu ikiwa myepesi, wanawaacha wenzao nyuma, na keshoye hao hao ndio wanaochechemea. Wapagazi wa zamani hawakwenda hivyo. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa na desturi ya kulala usiku wa kwanza karibu tu na mji ilikotoka. Aliyesahau chungu alirudi kukichukua. Aliyeghairi safari alighairi mapema, mzigo wake ukapata mtu mwingine. Kamba iliyokata bega ilifunguliwa ikafungwa upya, na kirangozi, kiongozi wa msafara, akapata kujua nani ana mwendo gani. Kusimama mapema wakati mwili bado unataka kwenda ni ufundi, na mimi nauheshimu kuliko ushujaa wa kufika kileleni.

Nanganga ni mahali pazuri pa kuusifia ufundi huo. Gari la kutoka pwani linakushusha njia panda, barabara moja ikielekea Masasi na nyingine Ruangwa. Kusini umesimama ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, kijani iliyokolea, na macho yanakuambia utaufikia kabla ya chakula cha mchana. Usiyasikilize.

Bonde la Lukuledi, ilipo Nanganga, limeona wengi waliotembea wakiwa na kila kitu chao kichwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka naye Unguja. Nia ilikuwa kufika upande wa Ziwa Nyasa, lakini walitua Masasi, penye milima ya mawe, wakajenga. Miaka 30 baadaye, mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alikwenda Masasi na Newala, mizigo yake ikibebwa na Wanyamwezi. Kitabu alichoandika kuhusu safari hiyo kinasomwa hadi leo. Majina ya waliombebea wachache wanayajua.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, siku baada ya siku. Leo mpagazi wa Kilimanjaro, aitwaye mgumu, anapimiwa langoni asizidishe kilo 20, na hiyo ni haki yake. Lakini uzito peke yake hausemi yote. Mzigo wa kilo 15 uliofungwa ovyo unachosha kuliko wa 20 uliokaa sawa: kilicho kizito kikae karibu na mgongo, juu kidogo ya kiuno, kisichezecheze, kinachotakiwa njiani kisizikwe chini ya kinachotakiwa usiku. Anayebeba kichwani hukunja kanga akafanya ngata, shingo ikanyooka, nyonga zikafanya kazi ya kutuliza mtikisiko. Mama aliyebeba ndoo ya maji, majani machache yakielea juu ili maji yasimwagike, huku akizungumza na mwenzake bila kugeuza kichwa, amefuzu kitu ambacho mikoba ya bei kubwa bado inakitafuta.

Na huku maji ndiyo yaliyowafunza watu kubeba. Juu ya uwanda wa Makonde mito hakuna. Mvua inazama mchangani, kisha inachomoza chini ya ukingo, kama kwenye chemchemi za Ndanda. Kabla ya mabomba, wanawake wa Newala walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi. Kwa nini watu wakae juu pasipo maji? Weule alisimuliwa habari ya mtu aliyechonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Walipokaa karibu na mto Ruvuma mtoto wao alizaliwa mfu, na wa pili, upande wa mto Mbwemkuru, vivyo hivyo. Waliporudi juu, Mahuta, wa tatu akaishi. Basi wakausia uzao wao usikae kwenye maji makubwa. Anayejua malaria na mafuriko ya mabondeni hawezi kuidharau hekima hiyo.

Lakini kulala usiku mmoja si kukaa, na juu maji hakuna. Kwa hiyo siku ya kwanza, kutoka Nanganga, lala chini, penye maji. Vijana watataka kupanda jioni hiyo hiyo ili waone jua likizama wakiwa juu. Wakatalie. Wakipanda watafika gizani, vichaka vikiwa vimesongamana, chupa zikiwa nusu, na hakuna kijito cha kujazia. Hema zisimame kungali mchana, mbali kidogo na njia ya maji ya mvua. Kuni zikusanywe kabla ya mtu yeyote kuvua viatu. Ugali uive, na mbaazi kama zipo. Kisha mizigo yote ifunguliwe, kila mmoja aseme ni wapi palipomuuma, na vitu vihame: sufuria itoke kwa huyu iende kwa yule, kamba ilegezwe, kisichohitajika kiachwe kijijini kwa mwenyeji. Kila kitu kifungwe usiku huo huo, isipokuwa maji. Maji yajazwe alfajiri, mwisho kabisa, na kila mtu abebe ya kwake.