Kipimo cha MoCA: alama 30 zisizosema tatizo liko wapi

Chora saa. Chora mchemraba. Anza na 100, uwe unatoa saba saba. Mnyama huyu anaitwaje? Baada ya kama dakika kumi unajumlishiwa alama zako kati ya 30, na ukifikisha 26 unaambiwa uko sawa. Hicho ndicho kipimo cha MoCA, kilichobuniwa Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2005. Ukisoma mambo ya ubongo unakutana nacho kila kona. Leo nakihakiki kwa swali moja tu: kinamsaidia nini mtu wa Mwanza mwenye MS?

MS, yaani multipo sklerosisi, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mayelini, lile gamba la mafuta linalofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Gamba likichubuka, taarifa inachelewa au inaishia njiani. Huku kwetu karibu na ikweta ugonjwa huu ni nadra kuliko Ulaya, hivyo wengi hawajawahi hata kuusikia. Ndugu wanaona ganzi miguuni na macho kufifia. Wasichokiona ni shida ya kufikiri, ambayo huwapata takribani nusu ya wagonjwa au zaidi. Na mara nyingi kinachoanza kuyumba ni kasi ya ubongo kushughulikia mambo.

Hapo ndipo MoCA inapochechemea. Ilibuniwa kugundua wazee wanaoanza kupoteza uwezo wa akili. Kwenye kumbukumbu unasomewa maneno matano, kila sekunde neno moja, mara mbili. Dakika kama tano baadaye unaulizwa uyataje. Chukulia mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, mwenye MS. Akitaja mawili, kapoteza alama tatu. Lakini kwa nini? Maneno yaliingia yakapotea, au hayakuingia kabisa kwa sababu yalisomwa haraka kuliko ubongo wake unavyopokea? Tafiti nyingi za kumbukumbu kwa wenye MS zinaelekeza kwenye hilo la pili. Ghala halivuji sana. Msongamano uko mlangoni.

Cha ajabu, fomu ya MoCA yenyewe ina nafasi ya kumpa mtu kidokezo, mfano "ni sehemu ya mwili". Akikumbuka kwa kidokezo, basi neno liliingia. Lakini hatua hiyo haiongezi alama kwenye zile 30. Yaani habari ambayo ingemfaa mgonjwa kuliko zote haimo kwenye jumla anayopewa!

Halafu kuna suala la shule. Aliyesoma miaka 12 au pungufu anaongezewa alama moja. Kwa hiyo aliyeishia darasa la pili na aliyemaliza kidato cha nne wanapata fidia ileile. Mama yetu huenda hajawahi kuchora mchemraba maishani, ila hesabu za magunia anapiga kichwani. Tuwatendee haki wabunifu: waliliona hilo, wakatengeneza MoCA-Basic kwa wasiosoma sana.

Hapa Tanzania kuna mfano mzuri. Watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kifupi cha demensia kiitwacho IDEA. Badala ya kumpa mzee kalamu, wanampa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Akili ileile inapimwa, bila kuuliza kama alikaa darasani. Ila nacho ni cha demensia, hakikulenga kasi.

Kasi inapimwa vizuri zaidi na SDMT: alama tisa, kila moja na tarakimu yake, unazioanisha kwa sekunde 90, na unaweza kujibu kwa mdomo. Nacho kinampendelea aliyezoea karatasi. Ndiyo maana ni salama zaidi kumlinganisha mgonjwa na watu wa elimu yake, au na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Kwani haya yote yana maana gani sokoni? Yana maana kubwa. Ushauri wa kawaida ni "andika kila kitu kwenye daftari". Ni mzuri, lakini jambo ambalo halikuingia huwezi kuliandika. Kama shida iko mlangoni, mama ahudumie mteja mmoja kwa wakati. Arudie oda kwa sauti kabla ya kupima. Simu ikae mbali wakati wa kuhesabu chenji. Kazi ya hesabu aifanye asubuhi, maana joto huzidisha dalili za MS, hali iliyopewa jina la daktari Wilhelm Uhthoff. Na majina ya wadaiwa ayafunge kwenye kisa chenye picha kichwani. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2013, lenye watu 86 wenye MS, lilifundisha mbinu hiyo ya picha na hadithi kwa vipindi kumi, na waliofundishwa walijifunza mambo mapya vizuri kuliko wenzao.

Hukumu yangu: MoCA ni kengele ya kushtua, tusiifanye maelezo ya ugonjwa. Mama akirudi nyumbani na "22 kati ya 30", wanaosema amerogwa au amekuwa mvivu wamepata tu namba ya kumsemea. Akirudi na maneno "ubongo wako unapokea polepole, waambie waongee mmoja mmoja", kesho yake ana cha kufanya mezani kwake.